Mwacheni Dada Amalize Kulipa Nyumba Moja

Nitasema jambo ambalo nikilisema sokoni Manga nitazomewa hadi nifike mlangoni kwetu: yule dada aliyenunua nyumba Minnesota na hajajenga hata choo hapa ocha hajapotea. Ana akili. Waliopotea ni sisi, tunaomtumia picha za majumba ya wenzake kila Sabato ikiisha na kumuuliza, "Na wewe utaanza lini?"

Najua kuna mtu tayari ameshika kichwa. Mkisii kuandika hivi? Ndio. Vuta kiti tuongee.

Panda juu ya ukingo wa Manga, pale kwenye mwamba ambapo vijana huenda kupiga picha za TikTok. Chini unaona mji wa Kisii, na pande zote ni vilima, migomba, chai, mahindi, na katikati ya hayo yote mapaa. Si yale mabati yaliyoshika kutu ya zamani. Mapaa makubwa ya rangi ya maruni na bluu, yenye pembe nyingi kama kofia ya askofu. Yahesabu. Halafu ngoja usiku uingie uhesabu taa zinazowaka chini ya mapaa hayo. Hizo hesabu mbili hazikaribiani hata kidogo.

Kila mtu kwetu anayajua hayo majumba. Geti la chuma lenye maua ya dhahabu. Vyumba sita vya kulala, kila kimoja na bafu lake, na maji ya kuletwa na punda. Sebule yenye sofa ambazo hazijawahi kutolewa nailoni ya dukani. Binamu mmoja amewekwa kwenye chumba cha nyuma alinde, anapikia nje kwa mawe matatu kwa sababu jikoni ya ndani ni ya wenyewe. Nyumba inafunguliwa Desemba wenyewe wakija, na wenyewe hawaji kila Desemba. Nimeshaketi kwenye matanga ambapo usiku wa kwanza wa mwenye nyumba kulala ndani ya nyumba yake ulikuwa usiku wa kuamkia kuzikwa kwake. Tulimwimbia sebuleni, jeneza likiwa chini ya taa ya kuning'inia aliyoituma kutoka Marekani. Wazee wakasema, "Angalau alijenga."

Angalau alijenga. Hilo neno ndilo ninalopigana nalo.

Tuanze na ardhi, kwa maana ndiyo tunayoidanganya kwanza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, ambako Manga yetu iko. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira zaidi ya 600. Hiyo ni mashambani, si Nairobi. Familia nyingi zinaishi kwenye kipande kisichofika ekari mbili, wengi hata ekari moja hawana, na kipande hicho kina ndugu wanne wanaokitazama. Kila msingi wa jumba unaochimbwa unameza mistari ya chai iliyokuwa ikipelekwa kiwandani Tombe, ama migomba iliyokuwa ikilipa karo ya shule ya msingi. Saruji haichumwi kila wiki mbili. Saruji haizai mkungu. Halafu tunaandika kwenye vikundi vya WhatsApp kwamba vijana wa Gusii wanapigania mipaka kwa panga, tunashangaa, kana kwamba hatujui nani alimwaga zege juu ya chakula.

Sasa twende kwa dada mwenyewe.

Kuna miji Marekani ambayo haionyeshwi kwenye filamu. Wichita. Indianapolis. Kansas City. Birmingham, Alabama. Na kuna Brooklyn Park, mji uliokuwa na watu 86,000 na kidogo mwaka 2020, kando ya Minneapolis, ambako pamoja na jirani yake Brooklyn Center Wakisii wamejaa kiasi kwamba unaweza kununua unga wa wimbi na kusengenywa kwa Ekegusii mchana huohuo. Watu wetu hawakwenda huko kwa sababu ya baridi. Walikwenda kwa sababu kuna kazi hospitalini na kwenye nyumba za kulea wazee, na kwa sababu mtu anayefanya shifti za usiku anaweza, akijibana, kununua nyumba. New York haimpi nafasi hiyo. San Francisco ndio kabisa, hata daktari anapanga.

Watu hapa nyumbani wakisikia "amenunua nyumba Marekani" wanafikiri amelipa pesa taslimu kama mtu anayenunua ng'ombe Keroka. Hapana. Amechukua mkopo wa miaka 30. Wacha nikuonyeshe unavyofanya kazi, kwa sababu hasira yangu yote iko ndani ya hesabu hii.

Chukua nyumba ya dola 250,000, nyumba ya kawaida katika miji ya aina hiyo. Brooklyn Park utaongeza kidogo. Kuna mkopo unaodhaminiwa na shirika la serikali linaloitwa FHA, lililoanzishwa 1934, ambao unamruhusu mnunuzi mwenye alama nzuri za kulipa madeni kuweka dipoziti ya asilimia 3.5 tu. Hiyo ni dola 8,750, yaani kama shilingi milioni 1.1 kwa dola ya shilingi 129. Zinabaki dola 241,250 za kulipa. Tuseme riba ni asilimia 7, kwa sababu waliobahatika kupata chini ya asilimia 3 walinunua mwanzoni mwa 2021, na kufikia Oktoba 2023 riba ilikuwa imekaribia 8. Kwa asilimia 7 dada analipa dola 1,605 kila mwezi kwa miezi 360. Hapo hatujaweka kodi ya nyumba, bima, wala ile siku boila inakufa katikati ya Januari.

Mwezi wa kwanza, katika hizo dola 1,605, dola 1,407 ni riba. Dola 198 pekee ndizo zinazopunguza deni. Akilipa hivyo miaka kumi bila kukosa, atakuwa ametoa zaidi ya dola 192,000, na bado atadaiwa karibu 207,000. Soma tena. Miaka kumi ya kugeuza wazee kitandani usiku, na deni limeshuka dola 34,000 tu. Mkopo wa aina hii unakula kwanza, ndipo unakuachia makombo.

Lakini una mlango mmoja wa siri ambao kila mtu anayekopa anafaa kuujua. Ukiongeza pesa juu ya malipo ya mwezi, zote zinaenda kwa deni lenyewe, si kwa riba. Dada akiongeza dola 300 kila mwezi tangu mwanzo, mkopo wa miaka 30 unaisha kwa miaka 19 na miezi mitatu. Anaokoa zaidi ya dola 138,000. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 17.

Sasa niulize swali la kijinga: hizo dola 300 ziko wapi kila mwezi?

Ziko Manga. Ni lori la kokoto. Ni fundi aliyesema nondo zimeisha. Ni anko aliyesema bei ya saruji imepanda wakati haijapanda. Ni lifti tatu za mawe ambazo ukija kuzihesabu ni mbili. Shilingi 38,700 kwa mwezi, mwaka baada ya mwaka, kujenga jumba ambalo hataishi ndani yake, huku jumba analoishi likimla riba. Jumba la Manga likiisha watu watasema limemgharimu milioni tisa. Uongo. Limemgharimu milioni tisa pamoja na miaka kumi na moja ya maisha yake. Miaka kumi na moja zaidi ya shifti za usiku, mgongo ukiwa umeshaharibika, watoto wakiwa wameshazoea kumwona mama yao akilala mchana.

Hizo ndizo nyumba mbili ninazozisema. Moja ameilazimishwa na benki, kwa mkataba, na riba imeandikwa wazi ukurasa wa kwanza. Nyingine ameilazimishwa na sisi, kwa aibu, na riba yake haijaandikwa popote. Ukiniuliza nani kati ya hao wakopeshaji wawili ni mwaminifu zaidi, nitakwambia ni benki, na sipendi benki.

Na kuna jambo tunalolipuuza tunapomcheka kwamba "amejifungia huko kwa Wazungu." Kaunti ya Hennepin, ambako Minneapolis na Brooklyn Park ziko, ina maelfu ya hati za zamani za nyumba zilizoandikwa wazi kwamba mtu mweusi haruhusiwi kununua wala kukaa humo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamekuwa wakizichora kwenye ramani tangu 2016, mtaa kwa mtaa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 1948 kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti hayo, Minnesota ikapiga marufuku mapya mwaka 1953, na sheria ya nchi nzima dhidi ya ubaguzi wa makazi ikaja 1968. Lakini pengo halikuzibwa. Hadi leo tofauti kati ya Wazungu na Weusi katika kumiliki nyumba Minnesota ni kati ya zile mbaya kabisa Marekani. Kwa hivyo mwanamke kutoka Manga, aliyesoma kwa taa ya koroboi, anapotia sahihi na jina lake la Kigusii likaingia kwenye rejista ya kaunti hiyo, hajajifungia kwa Wazungu. Ameingia mahali ambapo watu kama yeye walifungiwa nje kwa maandishi. Ukishindwa kushangilia hilo kwa sababu hajaezeka kwenu, shida ni yako.

Jina lake, nasema. Hapa wanaume wa kwetu wataniudhikia zaidi, na sawa tu.

Wengi wa hawa wanaotuma ni wanawake. Na wanapojenga, wanajenga wapi? Kwa baba mkwe. Kwenye shamba ambalo hati yake bado ina jina la babu aliyekufa kabla hawajazaliwa, na kesi ya urithi haijafunguliwa kwa sababu kila mtu anaogopa kugombana. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali iliyoshikwa kwa amana, pamoja na ile ya kimila, si mali ya ndoa. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya hapa kwetu ikaongeza kwamba ndoa pekee haikupi nusu. Lazima uonyeshe mchango wako. Sasa niambie, siku ndoa ikivunjika, ama mume akifa na mashemeji wakianza kupima kwa hatua, dada ataonyesha nini? Risiti za M-Pesa alizomtumia shemeji yuleyule anayemfukuza? Ukuta haubebeki kwa sanduku. Mwanamke anaweza kumaliza jumba la vyumba sita na asiwe na haki ya kuchuma hata sukuma nyuma yake. Kule Brooklyn Park, akikosana na mtu, jina lake liko kwenye hati na jaji anaanzia hapo.

Nina mama mdogo huko, nisifiche. Ameolewa vilima viwili kutoka kwetu. Ndiye aliyekuwa akinilipia karo. Mwaka wangu wa tatu chuoni nyumba yake ya huku ilikuwa imefika linta, na mkutano wa familia ya mumewe ukaamua kwamba mvua ya Machi isikute kuta bila paa. Simu ya karo haikupigwa tena muhula huo, wala uliofuata. Mimi nikarudi, nikaanza kuandikia watu makala za mtandaoni kwa malipo ya kuhesabu maneno, kazi ninayoifanya hadi leo. Simlaumu mama mdogo. Hakuna mtu aliyekaa mezani akachagua mabati badala yangu. Mezani hapo hakuna hata mtu aliyejua kuna uchaguzi unaofanywa. Ndivyo aibu inavyofanya kazi. Haikuulizi unaacha nini. Inakuuliza tu kwa nini bado hujaezeka. Na jumba lile linaonekana vizuri sana kutoka barabarani, hata wageni huuliza ni la nani.

Haya, majibu ya wenye kupinga, manake nayajua kwa moyo.

La kwanza: "Ni mila yetu. Mwanamume wa Gusii lazima awe na nyumba kwao." Kweli, na naiheshimu. Chinsoni, ile adabu yetu ya heshima na haya, haimruhusu mwana mkubwa kulala kwa baba yake kama mtoto. Lakini mila hiyohiyo ilitosheka na esaiga, kibanda cha udongo na nyasi ambacho kikizeeka kinarudi kuwa shamba. Mila ilidai mahali pa kulala kwa heshima. Haikudai roshani, nguzo za Kirumi wala gereji ya magari mawili kwenye njia ambayo hata bodaboda inateleza. Hizo si za babu zetu. Hizo tulizitoa kwenye filamu na kwa jirani. Anayetaka kutimiza mila ajenge vyumba viwili safi, aweke tangi la maji, na abaki na chenji.

La pili: "Je, akifa?" Sisi tunazika kwenye udongo, si kwenye vigae. Mwili unaokuja kutoka majuu unachangiwa na watu wote, hapa na kule, na hakuna kamati ya mazishi iliyowahi kurudisha jeneza uwanja wa ndege kwa sababu marehemu hakuwa na ghorofa. Kumfanya mtu alipe miaka kumi na moja ili usiku mmoja wa matanga upendeze, hiyo si heshima kwa marehemu. Hayo ni mapambo ya walio hai.

La tatu ndilo zito, nalo silichezei: "Na akifukuzwa?" Tangu Trump arudi ofisini Januari 2025, watu wetu wengi kule wanalala na simu karibu na sikio. Tangu Mei 25 mwaka huohuo mikopo mipya ya FHA haitolewi tena kwa wasio na ukaaji wa kudumu, hivyo aliye na visa ya kazi tu ama anayesubiri hifadhi amefungiwa mlango ule wa dipoziti ndogo. Na tangu Januari 2026 anayetuma pesa nje kwa kutoa noti anakatwa ushuru wa asilimia moja. Mtu katika hali hiyo anahitaji mahali pa kuangukia. Nakubali kabisa. Ila tuulize kwa akili: mahali pa kuangukia ni nini? Ukirudishwa ghafla na begi moja, unahitaji kitu kinacholeta pesa mwezi huo ama kitu cha kuuzwa wiki hiyo. Jumba la Manga halifanyi lolote kati ya hayo. Huwezi kulipangisha, kwa sababu nani atakuja kupanga vyumba sita kando ya chai ya jirani? Huwezi kuliuza, kwa sababu ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya ardhi, hati ina jina la babu, na ukoo hautakubali mgeni aingie katikati ya makaburi. Benki haitalishika kwa sababu hizohizo. Bima gani hiyo isiyolipa siku ya ajali?

Anayeogopa kurudishwa aweke pesa mahali zinapoweza kumpokea. Ploti ndogo Kisii mjini ama Nyamira yenye hati ya jina lake, vyumba vinne vya kupangisha walimu na wauguzi. Hisa kwenye chama cha akiba na mikopo. Dhamana za serikali, ambazo siku hizi mtu hununua kwa simu kupitia mfumo wa DhowCSD wa Benki Kuu, kuanzia shilingi 50,000, akiwa amekaa kwenye basi la Minneapolis. Hakuna shemeji anayeweza kula dhamana kwa kisingizio cha nondo.

La nne: "Lakini majumba haya yanaajiri mafundi wetu." Kweli, kwa miezi minane. Halafu fundi anabaki kutazama jumba lililofungwa naye anapanga chumba cha mabati. Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024, fungu kubwa zaidi likitoka Marekani. Hata chembe ya fungu la Gusii ingeingia kwenye kitu kinachofanya kazi mwaka mzima, hata kama ni mashine ya kukausha ndizi, baridi ya maziwa ama karo tu ya watoto walio darasani, yule fundi angekuwa na kazi mwaka wa pili. Ajira ya kujenga kitu kisichotumika ni sawa na kumlipa mtu achimbe shimo kisha alifukie. Anashiba leo, ndio. Kesho anangoja maiti nyingine ije na bajeti.

Na wewe unayesoma hii keja yako ya Kasarani ama Pipeline, usifikiri naongea na watu wa majuu peke yao. Hii kamba imefungwa shingoni mwako pia, urefu ndio tofauti. Kenya nzima, nchi ya watu zaidi ya milioni 47 kwa sensa ile, ilikuwa na mikopo ya nyumba takribani 30,000 tu mwisho wa 2023, kwa riba ya wastani ya zaidi ya asilimia 14. Kopa milioni nane kwa riba ya 14 kwa miaka 20 na utalipa karibu laki moja kila mwezi. Ndio maana hakuna rafiki yako anayenunua. Tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu chini ya sheria ya 2024, wale wenye mishahara, na bado tunapanga. Kwa hivyo pesa ndogo uliyoiweka ikifika laki tatu, simu inakuja kutoka nyumbani: jenga simba. Wenzako wa rika lako wamejenga. Unajenga chumba utakacholala siku tano kwa mwaka, na siku nyingine 360 unamlipa landilodi. Dada wa Minnesota amekushinda kwa jambo moja tu: angalau mojawapo ya nyumba zake ni ile anayolala.

Sisemi Marekani ni peponi. Nyumba ya kule si yako kamili hata ukimaliza deni, kwa sababu ukiacha kulipa kodi ya nyumba kaunti inaweza kuichukua. Katika msukosuko wa 2008 mamilioni walipoteza nyumba walizoambiwa haziwezi kushuka bei, na Weusi waliumia kuliko Wazungu kwa sababu waliuziwa mikopo mibaya zaidi. Anayenunua bila akiba ya miezi michache, ama anayenunua kubwa kuliko mshahara ili apige picha mbele ya gereji, amebeba ugonjwa wetu uleule akaupeleka kwenye theluji. Ninachotetea si nyumba ya Marekani. Natetea haki ya mtu kuwa na nyumba mahali anapoishi, na kuimaliza, kabla ya kudaiwa nyingine mahali anapotembelea.

Kwa hivyo nina maombi machache, na nayatoa kwa heshima kwa wazee wetu, akina tata na akina magokoro, na bila heshima sana kwa maanko wa WhatsApp.

Acheni kumtumia dada picha za mapaa. Mkiwa lazima mtume picha, tumeni ya mtoto aliyefukuzwa shule, aone anachoweza kubadilisha kwa dola mia moja.

Fungueni kesi ya urithi ya babu. Pelekeni ile hati ofisini kabla hamjaomba tofali moja. Mnaotaka watu wajenge kwenu, wapeni kwanza karatasi yenye majina yao, mabinti na wake wakiwemo, kama Katiba ya 2010 inavyosema. Mkikataa kutoa jina, msiombe saruji.

Siku dada akija Desemba bila funguo za jumba, mwandalieni kitanda kwa mama yake. Atalala vizuri tu. Alizaliwa hapo.

Na akiwaambia ameongeza dola 300 kwenye deni lake la Minnesota mwezi huu, pigeni vigelegele kama mnavyopiga paa likikamilika. Siku atakapomaliza kulipa, akiwa na miaka hamsini na kitu badala ya sitini na kitu, atakuwa na zaidi ya dola 1,600 kila mwezi ambazo hadaiwi na mtu. Hapo ndipo muulizeni kuhusu Manga. Huenda akajenga. Huenda akasomesha kijiji. Huenda akapumzika tu, na hilo pia si kosa.